Kivuli cha Lori

Mtu akijifungia funguo ndani ya gari katika mtaa ule wa vipuri, hahangaiki kuita polisi wala mume. Anamwita Mama Vitasa. Duka lake si la kujivunia ukubwa: mlango wa chuma, kaunta iliyochongwa kutokana na boneti la basi, na ukuta wa nyuma wenye misumari tele, kila msumari na kitasa chake, vya milango ya kushoto kushoto, vya kulia kulia. Vioo vya pembeni vinaning'inia darini, kiasi kwamba mteja anayeingia hujiona mara nyingi kabla hajaonwa. Mama Vitasa alipanga hivyo makusudi. Mtu anayejitazama, husema, husahau kukaza bei.

Hakuna aliyemshika mkono kufika hapo. Alianza kwa kununua mizoga ya magari yaliyokufa, akaichinja mwenyewe kwa spana na tindo, akabeba milango begani kutoka gereji hadi gereji. Wanaume walimcheka kwanza, wakamzoea, mwisho wakaanza kumwogopa bei zilipofika mezani. Kila alichokuwa nacho alikipata kwa kubishana. Kitu kimoja tu kilimshinda kukipata kwa njia hiyo, nacho kilikuwa binti yake wa kumzaa.

Binti huyo alipokuwa mchanga, Mama Vitasa alikwenda kununua milango kwenye uwanja wa magari makuukuu. Ndani ya pikapu ya kukodi walikaa yeye, mtoto, na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ukoo mzima ulimwita Asali kwa utamu wa ulimi.

"Wifi, mtoto amelala. Kaa naye, naingia natoka."

"Nenda tu, mwaya. Mimi nipo."

Mama Vitasa akaingia. Asali akaona duka la viatu ng'ambo ya barabara.

Watu walipomsikia mtoto analia peke yake ndani ya gari lililofungwa, walijaa. Asali ndiye aliyerudi kwanza, na hapo akili yake ilifanya kazi ambayo Mama Vitasa, pamoja na chuki yote aliyonayo, hajaacha kuistaajabia mpaka leo. Mwanamke hakukimbia na wala hakujitetea. Alijipenyeza katikati ya watu kama mpita njia, akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Jamani! Mama yake yuko wapi?"

Mama yake akatokea mbio, mlango wa gari begani, grisi hadi shingoni. Ungekuwa wewe, ungemwamini nani?

Mama mkwe alimchukua mtoto jioni ileile, "akae kwangu kidogo." Kidogo hicho kiliendelea mpaka mtoto akavaa sare ya shule. Mume, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mtu wa "tuyaache hayo," na akayaacha kweli. Binti aliporudi kwa mama yake alirudi na adabu za mgeni: anaomba ruhusa kufungua friji, anashukuru akipewa chai. Siku moja tu Mama Vitasa alijaribu kumweleza jinsi ilivyokuwa. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Shangazi hasemi hivyo."

Tangu hapo hakulitaja tena. Kutolitaja si kusamehe. Aliliweka kama anavyoweka kipuri cha gari adimu: leo hakina mteja, lakini hukitupi.

Miaka ikaenda, binti akaolewa, akajifungua mvulana. Likizo ya uzazi ilipokaribia kwisha, akatafuta mtu wa kubaki na mtoto mchana. Mama Vitasa alikwisha kusafisha chumba cha nyuma ya duka, amepaka rangi, ameweka godoro dogo na chandarua. Akamwonyesha. Binti akasimama mlangoni, akatazama chandarua, akatazama ukuta wa vitasa.

"Pazuri, Mama. Ila wewe una duka. Halafu… unajua mwenyewe."

Mtoto akapelekwa kwa Shangazi Asali. Yale maneno mawili, unajua mwenyewe, yalimkaa Mama Vitasa kooni kama mwiba wa samaki. Alikula nayo, akalala nayo, akafungua nayo duka kila asubuhi.

Sasa asubuhi ya kisa chenyewe. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma mabati, naye alikuwa anamkatalia fundi mmoja bei ya kioo cha mlango, pale Fundi Pancha, jirani yake wa kuziba matairi, alipoingia mbio, spana ya magurudumu mkononi.

"Mama Vitasa! Njoo na waya wako. Kuna mtoto ndani ya gari."

"Amejifungia?"

"Ajifungie wapi? Huyu hata meno hana!"

Alichukua kabari yake ya mbao na waya wenye ndoana, wakatoka. Mwisho wa mtaa kuna uwanja ambako malori hushusha mizigo, na ng'ambo ya uwanja huo kuna maduka ya vitambaa. Gari dogo la kijani lilikuwa limesimama peke yake katikati ya vumbi. Pembeni yake palikuwa na alama za magurudumu mapana na doa la mafuta mabichi.

"Lori la saruji lilikuwa hapa sasa hivi," alisema Fundi Pancha akihema. "Huyu mtu aliegesha kwenye kivuli cha lori. Lori limeondoka na kivuli chake."

Gari hilo Mama Vitasa alilijua. Kitasa cha mlango wa nyuma alikifunga kwa mikono yake mwenyewe, na mwenye gari aliomba apunguziwe kwa kuwa ni ndugu. Akainama dirishani. Kioo kilikuwa kimeachwa wazi upana wa kidole. Ndani, kwenye kiti cha mtoto, mjukuu wake amelala, nywele zimelowa zimegandamana na paji la uso, mashavu mekundu, mdomo wazi.

"Nivunje?" Fundi Pancha alikwisha kuinua spana.

"Umwagie mtoto vioo? Weka chini. Nikishindwa nitakwambia."

Hakushindwa. Waya ulipita kwenye ule ufa, ndoana ikanasa kitasa, mlango ukafunguka na joto likamtokea usoni kama la jiko. Alimfungua mtoto mikanda, akamtoa, akamgeuza kivulini mwa mwili wake. Mtoto akafumbua macho, akamtazama bibi yake, akaangua kilio kikubwa, kilio cha mtu mwenye malalamiko halali. Mama Vitasa akashusha pumzi. Mtoto anayelia namna ile ana nguvu.

Mwanamke mwingine, hapo, angepiga yowe mtaa mzima ukusanyike. Mama Vitasa yowe alilikumbuka vizuri, na alikumbuka pia kwamba anayefaidika na yowe ni yule mwenye ulimi mtamu zaidi. Akachukua chupa ya maziwa kwenye mfuko uliokuwa kitini. Kisha akabonyeza kitasa, akaufunga mlango, akaujaribu kama umeshika.

"Unafunga tena?" Fundi Pancha alishangaa. "Unafungia nini?"

"Naacha kama nilivyokuta."

"Na mwenyewe akija?"

"Akija atakuta alichoacha kimepungua. Twende."

Dukani alimvua mtoto nguo, akamfuta kwa kitambaa kibichi, akamwelekezea feni kwa mbali. Mtoto alinyonya chupa kwa pupa, na katikati ya kunyonya akamkojolea bibi yake magotini. Mama Vitasa alifurahi kuliko kama angepewa zawadi; mwili unaokojoa haujakauka. Ndipo akampigia simu binti yake kazini.

"Mwanao ninaye hapa. Mzima, ananyonya. Njoo dukani."

"Kwa nini unaye wewe? Shangazi yuko wapi?"

"Njoo umuulize."

Akakata. Akavuta kiti hadi nyuma ya kaunta, mahali ambapo yeye haonekani lakini kupitia mlango na kimojawapo cha vile vioo aliuona uwanja wote. Fundi Pancha alibaki amesimama mlangoni, hajui aende au akae.

"Anatoka," alisema.

Asali alitoka duka la mapazia na furushi la kitambaa kwapani, bado anazungumza na mtu nyuma yake, bado anacheka. Alifungua mlango wa dereva, akatupa furushi, akageuka nyuma kumtazama mtoto.

Hakupiga kelele. Hilo Mama Vitasa aliliangalia kwa makini, kama anavyoangalia mkono wa mteja unapoelekea mfukoni. Kwanza Asali alitazama kushoto. Kisha kulia.

"Umemwona?" alisema Mama Vitasa. "Anatafuta mashahidi kabla hajatafuta mtoto."

Kelele zikafuata baadaye, na zilikuwa za kweli. Asali alichungulia chini ya viti, akafungua buti, akapiga magoti akachungulia chini ya gari kama vile mtoto asiyejua kutambaa angeweza kujificha huko. Alizunguka gari na viatu vikamtoka. "Mtoto wangu! Jamani mtoto wangu!"

Fundi Pancha alijishika kiuno. "Mama Vitasa, huyu mama atakufa pale. Inatosha."

"Bado."

"Una roho ngumu wewe."

"Nilipewa hivi. Sikuichagua dukani."

Alimpigapiga mtoto mgongoni apate kucheua, na kila ukelele wa kule nje ulimwingia vizuri, kama maji baridi yanavyomwingia mtu aliyetembea juani. Hakuona haya. Siku ile nyingine na yeye aliwahi kusimama hivyo katikati ya watu, anageuka huku na huku, na hakuna aliyesema inatosha. Nia yake ilikuwa Asali achemke mpaka binti afike, basi.

Lakini Asali hakuwa mtu wa kuchemka tu. Watu walikwisha kumzunguka: wabeba mizigo, wauza mapazia, mafundi. Mwanamke mmoja akamuuliza swali lililokuwa kwenye kila mdomo. "Kwani ulimwacha na nani?"

Macho ya Asali yakapita juu ya vichwa vya watu, yakafika mlangoni kwa Mama Vitasa, yakatua juu ya mwanamume aliyesimama pale na spana mkononi.

"Nilimwachia yule! Yule fundi wa matairi! Nilimwambia aniangalizie dakika mbili!"

"Mimi?" alisema Fundi Pancha, na akageuka kutazama nyuma yake, kama labda kuna fundi mwingine.

Watu hawakumpa nafasi ya pili ya kuuliza. Walikuja kwa pamoja. Mmoja alimnyang'anya spana, mwingine akamkaba shati. "Mtoto umempeleka wapi?" "Sema!" "Hawa ndio wanaouza watoto wa watu!" Na katikati ya vurugu hiyo pikipiki ikafunga breki, binti akaruka kabla haijasimama sawasawa, kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni.

Asali alimkimbilia. "Mwanangu! Wamemwiba! Nilimwachia huyu mtu, nikamwambia kaka yangu niangalizie, kumbe jambazi!"

Mama Vitasa akainuka. Angependa wifi yake aendelee kuongea, kila neno lilikuwa linamzamisha, lakini jirani yake alikuwa anaminywa shingo kwa ajili ya ukimya wake, na huo haukuwa mpango. Alitoka na mtoto begani.

"Mwachieni fundi," alisema. Hakupaza sauti. Ilikuwa ile sauti anayotumia kutaja bei ya mwisho. "Mtoto huyu hapa."

Binti alimpokea mwanawe, akampapasa kichwa, mikono, miguu, akamnusa. Asali alikunjua mikono miwili, na mara moja asali ikarudi mdomoni.

"Wifi yangu! Kumbe alikuletea wewe! Ningejua!"

"Nani aliniletea?"

"Si huyu fundi? Niliyemwachia."

"Mama," alisema Fundi Pancha, sauti ikipita kwa shida kwenye kola iliyokabwa, "mimi nimekuona leo kwa mara ya kwanza, na namwomba Mungu iwe ya mwisho."

Wachache wakacheka. Aliyemkaba akalegeza kidogo, lakini hakuachia.

Mama Vitasa akamsogelea wifi yake, karibu, kama wafanyabiashara wanavyosogeleana wakati wa kumaliza.

"Wifi, mtu anashikwa shati kwa ajili yako. Mimi nilikuta mlango umefungwa, nimeufungua kwa waya. Mtu uliyemwachia mtoto ulimfungiaje nje? Kama unataka tukalielezee hilo kituoni, twende sote, gari lako lina nafasi. Kama hutaki, sema hapa ilivyokuwa, watu warudi kazini."

Asali alitazama nyuso zilizomzunguka, akitafuta moja ya kuegemea.

"Mtoto alikuwa amelala," alisema. "Nimwamshe aanze kulia madukani? Hamjawaona watoto wakiamshwa? Niliegesha kivulini. Kioo nilikiacha wazi. Dakika mbili tu. Ninyi wote hapa hamjawahi? Hata mmoja?"

Yule mwanamke aliyeuliza swali la kwanza alitazama vidole vya miguu yake. Hakuwa peke yake.

"Dakika mbili za mtu anayechagua pazia," alisema Mama Vitasa. "Na kivuli cha kitu chenye injini. Usiwaulize hawa wamefanya nini. Jibu ulichoulizwa."

"Shangazi," alisema binti. "Ulimwachia mtu au hukumwachia?"

Mtoto akacheua begani kwa mama yake.

"Sikumwachia mtu."

Shati la Fundi Pancha likaachiwa. Akajikung'uta, akaichukua spana yake kwa aliyeishika bila kumtazama usoni. Watu wakaanza kupungua, maana kosa la kuegesha vibaya halina utamu wa kumshika mwizi wa watoto. Mama Vitasa hakupungua. Alisubiri mpaka wakabaki wachache wa kutosha kusikia.

"Sasa tumalize na yule mtoto wa kwanza."

"Wa kwanza yupi?"

"Huyu aliyembeba mwenzake."

Asali alielewa. "Wifi, hayo ni ya zamani. Leo mtoto amepatikana, tumshukuru Mungu. Unafukua makaburi ya nini?"

"Sikuzika mimi. Mlizika ninyi, nami nikiwa ndani."

"Mwanangu, twende nyumbani, mama yako ana hasira, tutaongea…"

Binti hakuondoka. Alikuwa anamtazama shangazi yake kama mtu anayesoma tena karatasi aliyokwisha kuitia saini.

"Umemsingizia yule fundi mbele yangu," alisema polepole. "Hata hukufikiri. Limekutoka tu. Siku ile, Shangazi, kwenye pikapu. Nani aliambiwa akae na mimi?"

Asali alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza Mama Vitasa aliona ulimi ule unakosa cha kulamba.

"Nilitoka kidogo tu," alisema mwishowe. "Kujaribu viatu. Na wala sikuvinunua."

Hakuna aliyecheka. Binti alifumba macho, akayafumbua. Mama Vitasa alikuwa ameisubiri sentensi ile kwa muda mrefu hata alidhani ikija itatoa mlio fulani, kama boneti linapodondoka. Haikutoa. Lakini ilikuwa tamu, na hakumwonea mtu aibu kwa utamu wake.

Kisha binti akamgeukia.

"Na wewe. Ulikuwa humo ndani na mtoto, unamsikiliza anavyopiga kelele?"

"Nilikuwemo."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nilitaka aonje."

"Wangemuua yule baba, Mama."

"Wangemuua, kwa hiyo nikatoka. Lisingekuwa hilo, ningekaa zaidi."

Fundi Pancha, aliyekuwa anajifanya anakagua tairi, alikohoa. Binti alimtazama mama yake kwa muda, na Mama Vitasa hakukwepesha macho. Hakutaka kuonekana bora kuliko alivyo. Ameuza vitu vya mitumba maisha yake yote na kila kasoro humwonyesha mteja mwenyewe.

"Chumba kile bado kipo?" binti aliuliza.

"Kipo."

"Nimetoka kazini bila ruhusa, lazima nirudi. Nitampitia jioni. Kesho nitakuja naye, na keshokutwa, halafu tutaona." Akamkabidhi mtoto. Hakumkumbatia, hakusema samahani wala asante. Akapanda pikipiki. Alipompita shangazi yake hakumwambia kitu, na hilo Asali lilimuuma kuliko matusi, maana alifunika uso.

Mama Vitasa alikwisha kuingia dukani na kumlaza mtoto chini ya chandarua, akauacha mlango wa chumba wazi ili amwone, pale Asali alipokuja kusimama kwenye kaunta, miguu mitupu, vumbi hadi magotini.

"Wifi," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, bila sukari. "Nimekosa. Kwa yule mtoto nimekosa na kwa huyu pia. Nakuomba kitu kimoja. Liishie hapa. Lisifike kwa kaka zangu. Wananiheshimu, wifi. Sina kitu kingine."

Katika biashara zake zote Mama Vitasa humwachia mteja kitu kidogo cha kuondokea nacho, hata akimshinda vibaya: skrubu mbili za bure, neno la utani, apate kurudi siku nyingine bila kinyongo. Alimtazama wifi yake, akafikiri kama kuna sababu yoyote ya kutaka arudi. Hakuiona.

"Ndugu zako walilisikia la kwanza kwako," alisema. "Hili la leo watalisikia kwangu, jioni hii, na wewe utakuwepo umekaa. Vaa viatu, wifi. Lami ina moto."

Asali alisimama kidogo, kama mtu anayesubiri bei ishuke. Mama Vitasa alikuwa amekwisha kumgeukia mteja aliyeingia nyuma ya wifi yake.